Alan Paton, mkuu wa kituo cha watoto aliyeng'oa seng'enge

Kila tunapoweka hewani mada ya watoto waliokinzana na sheria, meseji zinazoingia studio hugongana. Wapo wasikilizaji wanaosema mtoto aliyevunja duka au kumchoma mwenzake kisu afungiwe mahali pagumu mpaka akili imrudi. Wapo wanaojibu kwamba ukimfungia pamoja na wahuni, atatoka akiwa mhuni aliyehitimu. Hapa Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hairuhusu mtoto ahukumiwe kifungo cha jela. Akitiwa hatiani kwa kosa zito anaweza kupelekwa shule ya maadilisho, na wengi wenu mmesikia habari za ile ya Irambo, Mbeya. Swali ambalo meseji hazilimalizi ni moja: akishafika huko ndani, ni kitu gani hasa kinachombadilisha?

Tumeona tulijibu kwa kusimulia maisha ya mtu mmoja wa Afrika Kusini. Wengi wanamfahamu kama mwandishi wa vitabu. Wachache wanajua kwamba kabla ya kitabu chochote alikaa miaka 13 akiongoza kituo cha kurekebisha watoto, na kwamba kitabu kilichompa jina kilitokana na yale aliyoyaona mle. Jina lake ni Alan Paton.

Alizaliwa tarehe 11 Januari 1903 katika mji wa Pietermaritzburg, jimbo la Natal. Baba yake alitoka Scotland, akafanya kazi mahakamani ya kuandika kwa hati mkato yanayosemwa kwenye kesi. Nyumba yao ilikuwa ya dini sana. Baba alikuwa mkali, na kipigo kilikuwa njia yake ya kawaida ya kulea. Paton alikiri baadaye kwamba ukali ule ulimwachia chuki ya maisha dhidi ya mtu yeyote anayetawala wenzake kwa mabavu. Kumbukeni jambo hilo, kwa sababu tutalirudia na si kwa njia ambayo yeye angependa.

Alisoma sayansi chuo kikuu hapo hapo Natal, akawa mwalimu. Mwaka 1925 alianza kufundisha Ixopo, mji mdogo wa wakulima kwenye vilima vya kijani. Ndiko alikokutana na Dorrie, mwanamke aliyefiwa na mume, wakaoana mwaka 1928. Kisha akarudi kufundisha shule kubwa ya wavulana ya Pietermaritzburg, ile ile aliyosoma yeye. Wanafunzi wake wote walikuwa Wazungu, ndivyo nchi ile ilivyogawa shule. Kwa darasa alikuwa mwalimu mzuri, na fimbo hakuisahau.

Mwaka 1934 akaugua homa ya matumbo, ugonjwa ambao zamani hizo uliua watu wengi. Alilala hospitali wiki nyingi. Mtu akilala hivyo anapata muda wa kujiuliza anafanya nini na siku zake, na Paton aliamka kitandani akiwa hataki tena kufundisha watoto wa watu wenye nafasi mpaka astaafu.

Mwaka huo huo serikali ya Afrika Kusini ilifanya uamuzi mmoja ambao magazeti hayakuupa uzito. Vituo vya kurekebisha watoto wahalifu viliondolewa Idara ya Magereza vikapelekwa Idara ya Elimu. Waziri aliyesimamia jambo hilo alikuwa Jan Hofmeyr, mtu aliyefahamiana na Paton tangu ujana. Kuhamisha ofisi kwenye karatasi ni rahisi. Kazi ni kumpata mtu atakayeingia ndani ya jela na kuigeuza shule. Paton aliomba nafasi hizo za ukuu zilipotangazwa, akapewa kituo cha Diepkloof, nje kidogo ya Johannesburg, kilichokuwa cha wavulana wa Kiafrika. Julai 1935 alihamia huko na mke wake na mtoto wao mdogo David. Alikuwa na miaka 32. Hakuwahi kuongoza taasisi yoyote, na hakuwahi kufundisha mtoto hata mmoja wa Kiafrika.

Diepkloof ilikuwa gereza kwa kila hali. Majengo yalijengwa kwa ajili ya wafungwa. Seng'enge ilizunguka eneo, geti kubwa likafungwa kwa kufuli, na walinzi wengi walikuwa wale wale wa enzi ya magereza wenye tabia zile zile. Ndani walikuwemo wavulana wapatao 400, wengine watoto wa miaka tisa au kumi, wengine vijana wa karibu miaka 21. Jioni mapema walihesabiwa, wakasukumwa kwenye vyumba vyao, milango ikafungwa mpaka asubuhi. Chumbani mliwekwa chombo cha maji ya kunywa, na kingine cha haja. Mnaweza kufikiria harufu ya chumba hicho saa kumi alfajiri. Paton aliifikiria sana harufu hiyo, kwa sababu alikuwa ametoka tu kuugua ugonjwa unaoletwa na uchafu.

Lakini watoto hao walifikaje pale? Hapa inabidi tusimame kidogo, maana bila kuelewa hili utadhani Johannesburg ilikuwa na kizazi kibaya tu. Mwaka 1913 serikali ilipitisha sheria ya ardhi iliyowabana Waafrika, ambao ndio walikuwa wengi wa watu wa nchi ile, kwenye asilimia kama saba tu ya ardhi. Shamba likawa halitoshi. Wanaume wakaenda kwenye migodi ya dhahabu, ambako walilazwa kwenye makambi ya wanaume watupu, wake zao wakabaki vijijini. Wanawake wengine nao wakafuata mjini, wakapata kazi za kufua na kupika majumbani kwa Wazungu, na nyumba hizo hazikupokea watoto wao. Mtoto akabaki na bibi kizee, au na jirani, au na barabara. Aliiba mkate au baiskeli. Wengine wakaendelea, wakavunja nyumba na kushika visu.

Paton alilisema hili waziwazi kwenye makala alizoandika miaka ya 1940. Kwa maoni yake, jamii ya zamani, yenye wazee, mila na mashamba, ilikuwa imevunjwa na watu wale wale waliohitaji vibarua, na hakuna kitu kilichowekwa mahali pake. Kwa hiyo kumchapa mtoto kwa kukosa maadili, ilhali umeibomoa nyumba ambamo maadili yanafundishwa, ilikuwa kazi bure. Wazungu wengi waliomsoma hawakufurahi.

Sasa turudi getini. Mtu mpya akipewa madaraka hupenda kubadilisha kila kitu wiki ya kwanza. Paton hakufanya hivyo, na sisi tunaona hapo ndipo ilipo akili yake. Alianza na vitu vya mwili: usafi, chakula, maji, vyoo. Kisha akaligusa lile la usiku. Aliamua milango ya mabweni ianze kuachwa wazi ili mvulana akihitaji choo aende mwenyewe na kurudi. Walinzi wa zamani walimwona kama mtu aliyerukwa na akili. Waliamini kwamba ukiwafungulia usiku, asubuhi utakuta vitanda vitupu. Paton alianza na kundi la wachache waliokwisha kuonyesha tabia njema. Wakatoka, wakarudi, wakalala. Akaongeza kundi jingine.

Hivyo ndivyo alivyofanya mambo yote. Alijenga ngazi, na kila mvulana akapanda kwa mwendo wake. Aliyefika leo alikaa kwenye bweni la kufungwa. Akionekana anaaminika alihamishiwa bweni la wazi. Baada ya hapo aliruhusiwa kutembea eneo zima la kituo na shamba lake bila mlinzi wa kumfuata. Kisha akaruhusiwa kufanya kazi nje. Ngazi ya juu ilikuwa kuishi kwenye nyumba ndogo nje ya jengo kuu, chini ya baba na mama wa nyumba, yaani mume na mke wa Kiafrika walioajiriwa kukaa na vijana hao kama familia. Wakati huo huo waliendelea na masomo, na ufundi kama useremala na ushonaji wa viatu, pamoja na kilimo.

Kupanda ngazi ya uhuru hakukufanyika ofisini kwa kupigwa muhuri. Wavulana wote walikusanyika, yule anayepewa uhuru akaitwa mbele, akaahidi kwa sauti mbele ya wenzake kwamba hatavuka mipaka, akapewa alama ya kuvaa kwenye nguo ili kila mtu ajue. Waliolelewa kwenye jando wataelewa haraka kwa nini jambo hili lilishika. Ahadi uliyoitoa mbele ya rika lako ina uzito ambao saini ya karatasi haina. Mvulana aliyekuwa akijulikana kwa namba na kosa lake tu, siku hiyo aliitwa kwa jina, na watu 400 wakamsikiliza.

Seng'enge nayo ikang'olewa. Geti kubwa likaondolewa. Mahali pa waya Paton alipanda maua, jeraniamu nyekundu, yale yanayoota kwa urahisi ukichomeka tu kijiti. Jambo hili la maua ndilo lililomfanya ajulikane, na ndilo waliompinga walilolicheka zaidi. Cha kushangaza, idadi ya wavulana ilipanda miaka hiyo hadi kupita 600, lakini waliokuwa wakitoroka walipungua. Tukifikiri kidogo si ajabu. Waya unamwambia mvulana kwamba mnatarajia atoroke, na wavulana wa umri huo hupenda kutimiza wanachotarajiwa. Tena wakati wa seng'enge aliyetoroka alikuwa shujaa mbele ya wenzake. Ilipoondoka, kutoroka kukawa ni kutembea tu barabarani, na ahadi uliyoivunja umeiacha nyuma.

Jambo la hatari zaidi lilikuwa ruhusa ya kwenda nyumbani. Mvulana aliyefika ngazi fulani aliruhusiwa kwenda kwao mwisho wa wiki au sikukuu, peke yake, na kutakiwa arudi mwenyewe. Fikirini: kijana aliyehukumiwa kwa wizi anapewa nauli na kuambiwa aende Johannesburg, mji ule ule ulioharibu maisha yake, halafu Jumapili jioni awe amerudi. Katika miaka ya Paton walipewa ruhusa za namna hiyo kama 10,000. Walioshindwa kurudi hawakufika watano kati ya kila mia.

Ruhusa hizo ziliibua jambo ambalo ofisi haikuwa imelipanga. Wapo waliokuwa hawana pa kwenda. Miaka mingi baadaye, mwaka 1961, Paton alichapisha hadithi fupi kadhaa kuhusu vijana wa kituo, na mojawapo inaitwa Ha'penny. Ni hadithi ya kubuni, lakini imeandikwa na mtu aliyekuwa akisoma barua za watoto kila wiki. Mtoto mdogo wa kituoni anamsimulia mkuu kila mara habari za mama yake, kaka zake na dada zake walioko mji wa Bloemfontein. Anawaandikia barua, lakini majibu hayaji. Mkuu anafuatilia na kukuta kwamba familia ipo kweli, majina ni yale yale, ila si ya huyo mtoto. Yeye ni yatima wa mitaani aliyekuwa akiitazama familia hiyo kwa mbali, akaichukua moyoni ikawa yake. Uongo wake unapofichuliwa anapoteza hamu ya kuishi, na kifua kikuu kinamkamata. Yule mama anakuja, anakaa kitandani pake, anamwita mwanangu, na mtoto anakufa akiwa na mama. Mkuu anabaki akijilaumu kwamba aliuona uongo haraka kuliko alivyoiona njaa iliyouzaa.

Tumewahi kuisimulia hadithi hiyo hewani kwa kifupi, na tuseme ukweli, msomaji wetu wa zamu alishindwa kuimaliza.

Msije mkadhani tunampamba mtu huyu. Diepkloof haikugeuka paradiso, na Paton hakuwa malaika. Fimbo haikuondoka. Aliwekea viboko utaratibu, lakini vijana waliendelea kuchapwa, hata kwa amri yake, yeye aliyekua akichukia fimbo ya baba yake. Waliotoroka wakikamatwa walirudishwa chini kabisa ya ngazi na kuadhibiwa. Wasomi wa Afrika Kusini waliochunguza kumbukumbu za kituo hicho baadaye wameeleza kwamba pamoja na maua yote, kilibaki chombo cha serikali ya Wazungu cha kumwandaa kijana wa Kiafrika awe kibarua mtiifu. Kuna ukweli ndani ya lawama hiyo. Ngazi ya Diepkloof ilimwinua kijana hadi mlangoni, lakini nje ya mlango kulikuwa na nchi ambayo kijana huyo alihitaji pasi ya kutembea, na kazi nzuri hazikuwa zake. Paton alilijua hilo. Alikuwa anarekebisha watoto, huku nchi iliyowaharibu ikiendelea na shughuli zake upande wa pili wa barabara.

Kisha likatokea lile ambalo kila mkuu wa kituo hulala akiliogopa. Mmoja wa vijana waliopewa ruhusa aliingia kuiba kwenye nyumba ya Wazungu Johannesburg. Mama mwenye nyumba alimkuta kwenye stoo ya chakula. Kijana akamuua.

Hapo ndipo hesabu zote za ruhusa 10,000 zinapokosa nguvu. Mtu aliyefiwa humwambii kuhusu asilimia. Ukimwambia kwamba maelfu ya vijana walikwenda na kurudi salama, atakuuliza kwa nini huyu mmoja alikuwa nje, na swali lake ni la haki. Jambo hilo lilimuumiza Paton vibaya. Angeweza kurudisha kufuli siku iliyofuata na hakuna mkubwa serikalini ambaye angemlaumu. Wengi wangempongeza. Hakufanya hivyo. Ruhusa ziliendelea, na mwenye uamuzi huo alikuwa yeye, akijua kwamba akikosea tena ni mtu mwingine atakayelipa. Sisi hatusemi kwamba ni rahisi kukubaliana naye. Katika chumba chetu cha habari tulipokuwa tukiandaa makala hii tulibishana, na mwenzetu mmoja mwenye watoto wadogo hakukubali mpaka mwisho.

Wapinzani wake wa siasa walikuwa wakimsubiri. Mkubwa wao alikuwa Hendrik Verwoerd, profesa aliyegeuka mhariri wa gazeti la wazalendo wa Kikaburu. Gazeti lake lilikikejeli kituo hicho kama mahali pa kudekeza badala ya kuelimisha, ambapo eti vijana weusi wanaongeleshwa kwa adabu kama mabwana. Kilichomkera hasa kilikuwa ile heshima. Mtoto wa Kiafrika kuombwa, kushukuriwa na kuaminiwa kulikwenda kinyume na nchi ambayo Verwoerd alitaka kuijenga.

Mwaka 1946, vita vikuu vilipokwisha, Paton alichukua likizo ndefu na kusafiri kwa gharama zake kutembelea magereza na vituo vya vijana huko Uingereza, Sweden, Norway, Marekani na Kanada. Alitaka kuona wengine wanafanyaje. Jioni moja ya Septemba, akiwa mgeni asiye na mtu katika mji wa Trondheim, Norway, alishikwa na hamu kali ya nyumbani. Alirudi hotelini akaanza kuandika. Aliandika usiku baada ya kazi za mchana, kwenye meli na hotelini, akamaliza San Francisco mwezi Desemba. Mume na mke aliokutana nao huko California waliusoma mswada na kuhangaika kuutuma kwa wachapishaji. Februari 1948 ukatoka New York kama kitabu, Cry, the Beloved Country, yaani Lia, nchi mpendwa.

Ni habari za mchungaji mzee wa Kizulu, Stephen Kumalo, anayetoka kijijini karibu na Ixopo kwenda Johannesburg kumtafuta mwanawe Absalom. Anamfuata kutoka nyumba hadi nyumba, na kila mlango una habari mbaya kidogo kuliko uliopita, mpaka anafika kwenye kituo cha kurekebisha vijana. Anaambiwa kijana alifanya vizuri, akaruhusiwa kutoka mapema, kwa sababu kuna msichana mwenye mimba yake na alikuwa ameahidi kufanya kazi na kuwatunza. Lakini kijana hayupo kazini. Ameshamuua Mzungu aliyemkuta ndani ya nyumba aliyokwenda kuiba, na Mzungu huyo alikuwa mmoja wa wachache waliokuwa wakiwatetea Waafrika. Absalom ananyongwa.

Mtaona Paton aliandika nini humo. Alichukua jambo lililomuuma kuliko yote na kuliweka katikati ya kitabu. Kuna hata ofisa kijana Mzungu wa kituo, ambaye ndiye aliyemwamini Absalom. Aliposikia habari za mauaji anamfokea yule mchungaji mzee kwa hasira, kana kwamba mzee ndiye aliyekosa, kisha anarudi kumwomba radhi. Wasomaji wengi hupita ukurasa huo haraka wakimfuata Kumalo. Sisi tuliosoma maisha ya Paton tulikaa hapo muda mrefu.

Kitabu kiliuzwa kwa mamilioni na kutafsiriwa kwa lugha nyingi. Paton akaona anaweza kuishi kwa kalamu, akajiuzulu Diepkloof mwaka huo huo wa 1948. Mwezi Mei chama cha Wazalendo kikashinda uchaguzi na ubaguzi wa rangi ukawa sera kamili ya nchi. Desemba Hofmeyr, waziri aliyemfungulia njia, akafariki. Mwaka 1950 Verwoerd akawa waziri wa mambo ya Waafrika. Mwaka 1958, mwaka ule ule alioingia kuwa waziri mkuu, kituo cha Diepkloof kilifungwa. Wavulana walitawanywa kwenye vituo vya mashambani, ambako walifanya kazi kwenye mashamba ya Wazungu. Kazi ya miaka 13 ikafutwa.

Paton aliingia siasa. Mwaka 1953 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha Liberal kilichopokea watu wa rangi zote, akawa kiongozi wake. Mwaka 1960 alinyang'anywa pasipoti aliporejea kutoka New York kupokea tuzo, akakaa miaka kumi bila kuweza kusafiri nje. Mwaka 1964, Nelson Mandela na wenzake walipotiwa hatiani katika kesi ya Rivonia na adhabu ya kunyongwa ikawa mbele yao, Paton alipanda kizimbani kuomba wahurumiwe, wakati watu wengi wenye majina walikataa hata kusimama karibu na mahakama. Mwendesha mashtaka alimhoji kwa ukali kana kwamba yeye ndiye mshtakiwa. Mwaka 1968 sheria ilipiga marufuku vyama vyenye wanachama wa rangi mchanganyiko, na chama chake kikajivunja badala ya kuwafukuza wenzao. Dorrie alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Paton alioa tena, akaendelea kuandika, na uzeeni alitofautiana na wanaharakati wengi kwa kupinga vikwazo vya uchumi, akidai vitawaumiza kwanza maskini.

Alifariki tarehe 12 Aprili 1988 nyumbani kwake Botha's Hill, Natal, akiwa na miaka 85. Mandela alikuwa bado kifungoni.

Ukienda leo Johannesburg ukapanda daladala kuelekea Soweto, Diepkloof ni mtaa mkubwa wa watu, wenye shule, makanisa na maduka. Wanaopita hapo asubuhi na mabegi ya shule ni watoto wa umri ule ule wa waliokuwa wakihesabiwa jioni na kufungiwa mlango.